Kicheko Changu Ndani ya Wimbo Wake

Nasuka nywele Mwanjelwa, Mbeya, na redio ya saluni siyo yangu. Ingekuwa yangu ningeshaitupa mtaroni. Mwenye saluni anaipenda, wateja wanaipenda, na karibu kila siku, kati ya matangazo ya sabuni na salamu za wasikilizaji, unapigwa ule wimbo. Mimi huinamisha uso nikaendelea kusuka. Ikifika sehemu ya mwanamke anayecheka, mteja niliyemshika kichwa hucheka naye kwa kuiga, nami humwambia atulie nisije nikamvuta. Mwanamke anayecheka ni mimi.

Anayechana mistari kwenye wimbo huo ni mtani wangu. Jina lake la kisanii silitaji, liko kwenye mabango na kwenye vifuniko vya soda, halihitaji msaada wangu. Yeye ni Mngoni, mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawekeana utani. Kwa asiyejua, utani si mzaha wa kupitisha muda. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukucheka chakula chako na maiti wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ukifiwa, mtani huyohuyo ndiye anayeingia kaburini. Kazi ambayo ndugu hawaiwezi au hawaruhusiwi kuifanya, ataifanya yeye. Nilikua nikidhani kila mtu duniani anajua kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja.

Tulizaliwa Mgololo, yeye na mimi, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Mgeni akifika kule huziba pua kwa ile harufu ya magome yanayopikwa. Sisi tuliisikia pale tu tuliposafiri na kurudi. Baba yangu alikuwa kwenye mashine, baba yake kwenye kupakia magogo, na ukuta wa jikoni zetu ulikuwa mmoja. Asubuhi baba yake hakusalimia. Aligonga ukuta akauliza kama mbwa aliyepotea jana mtaani ameiva, maana Wahehe tunasemwa kwa kula mbwa. Baba yangu alimjibu kwamba ameiva, na mkia amewekewa Mngoni, mkimbizi aliyetoka Afrika Kusini kwa miguu na mpaka leo hajui anakokimbilia. Mama zetu walicheka, wakapokezana chumvi. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu, na sijaona mwingine mzuri kuushinda.

Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa Mufindi unaoingia hadi jikoni, nilifungua mlango wa nyuma nikakuta buti za baba za kazini kizingitini. Zilikuwa zimefutwa tope, zimepangwa sambamba, kamba zimeingizwa ndani. Baba hakuwa mtu wa kupanga viatu, mama alimgombeza kila siku kwa ajili hiyo. Nilifurahi. Nikaita, "Mama njoo uone, leo baba kapanga buti!" Mama akaja akazitazama, akanishika bega akanirudisha ndani, akafunga mlango.

Baba alikuwa amejitoa uhai kwenye miti nyuma ya nyumba. Kwa nini, sijui. Hakuacha barua, hakuwa na ugomvi na mtu, juzi yake alinunua kibiriti cha wiki nzima. Nchi nzima ina maneno yake kuhusu Wahehe, kwamba tukiudhika hatugombani, tunajiondoa. Ni utani wa zamani, hata sisi tunautumia. Siku ile haukuwa utani.

Aliyekufa namna hiyo, ndugu hawamgusi. Baba zangu wadogo walifika wakasimama mbali, kofia mkononi, wakitazama chini. Wote walikuwa wanamngoja mtani wao, yule jirani yetu wa ukutani. Akatoka zamu, akavua koti, akaenda peke yake. Alimshusha, akamwosha, akachimba, akazika. Mchungaji hakuwapo wala kengele haikulia. Alipomaliza alisimama juu ya udongo na koleo lake, akatutazama Wahehe wote tuliokuwa pale, akasema kwa sauti, "Wahehe mna haraka nyie. Hata kifo hamkisubiri."

Mama yangu hakuwa ametoa sauti tangu asubuhi. Akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo sote tukaweza kulia. Mtani wangu alikuwepo, amesimama karibu nami, mtoto wa miaka tisa kama mimi. Aliona maneno ya baba yake yalichofanya. Nadhani alianza kutaka kuwa msanii pale pale, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo.

Mwaka haukuisha tukahama. Mama aliona kila anayempita Mgololo anatazama chini kwanza, ndipo amtazame usoni. Akahamia Ilula, ambako hakuna aliyemjua, akaanza kuuza nyanya barabarani. Huko alisema mumewe alikufa kwa presha. Watu wakampa pole ya presha, kanisani wakampokea, baadaye wakamweka kwenye kwaya ya akina mama, akawa anasimama mstari wa mbele na kitenge cha sare. Mimi aliniambia mara moja tu, tukipanga nyanya kwenye sado, yale makopo ya kupimia: "Hapa baba yako kafa kwa presha. Usimwambie mtu. Hata ukiolewa, mumeo usimwambie." Nikasema ndiyo mama. Alikuwa na meza yake, jirani zake na Mungu wake, na vyote vitatu vilisimama juu ya neno hilo moja.

Familia ya mtani nayo ilihamia Mbeya, Iyunga, na nilipofaulu kwenda sekondari mama alinipeleka kwao nikae. Kwa nani mwingine? Mzee, baba wa mtani wangu, alinipokea stendi akaniambia, "Karibu mla mbwa, wetu tumemfungia." Miaka minne nilikula ugali wake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kutamka neno kuhusu siku ile ya Mgololo, kwangu wala kwa mwanawe. Alichokishika kwa mikono yake alikizika pamoja na maiti. Mwenye mdomo nilikuwa mimi.

Pale Iyunga, nyuma ya sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara kuu, kulikuwa na kijiwe cha mitindo huru. Jumamosi mchana vijana walifanya duara, wawili wanaingia katikati, mmoja anapiga biti kwa mdomo au simu inapiga, na mnatukanana kwa vina mpaka watu wapige kelele za kumchagua mshindi. Wengine walimaliza kwa ngumi. Mtu akiguswa mama yake, vina vinakwisha. Sisi wawili hatukuweza kufika huko, maana tulikuwa watani, na watu walilijua hilo wakaja kwa ajili yetu. Mimi nilikuwa msichana pekee katika lile duara na sijidai nikisema nilimshinda mara nyingi kuliko alivyonishinda. Nilimwambia ukoo wake ulikuja kupora ng'ombe ukakuta Wahehe wameshika mikuki, ukakumbuka umesahau kitu Songea. Wanyakyusa waliokuwa wanatazama walishika vichwa.

Dereva mmoja wa lori alimwachia kadi ya simu iliyojaa nyimbo za trapu za Kilatini, za kutoka visiwani kule ng'ambo. Hatukuelewa hata neno. Mtani wangu alizisikiliza mwezi mzima, spika moja ya sikio kwake na moja kwangu, tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Alichokipenda ni jinsi wanavyoburuta sauti, kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa habari za msiba. "Mtani, hawa hawapigi kelele," aliniambia. "Wanasema jambo baya taratibu. Sisi wote hapa tunafoka." Akaacha kufoka. Akaanza kuchana polepole, kwa kujivuta, na ghafla watu wa Iyunga wakanyamaza kumsikiliza. Kipaji kilikuwa chake, hilo sitamnyang'anya.

Kuhusu buti nilimwambia mwenyewe. Tulikuwa tunaosha vyombo jioni, mzee na mama wa nyumba wamekwenda kwenye ibada ya jumuiya. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama namkumbuka baba. Nikamwambia namkumbuka kwa buti. Nikamweleza zilivyofutwa, zilivyopangwa, nilivyomwita mama kwa furaha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Duniani waliojua habari ya buti walikuwa watatu, mama, mimi, na mzee aliyezipita akienda kumshusha. Mtani wangu aliacha sahani ndani ya maji, akasema pole. Nilijisikia mwepesi usiku ule. Niliona nimefanya jambo jema.

Kisha ikaja Jumamosi yenyewe. Watu walikuwa wengi, wametoka hadi Uyole. Mimi nilianza, na nilianza vizuri. Nilimpiga kwenye ukimbizi, nilimpiga kwenye masikio yake makubwa, watu wakawa wanaruka. Ilipofika zamu yake alisimama kimya, akasubiri kelele zishuke. Halafu kwa ile sauti ya kuburuta akasema:

"Wahehe mna haraka, hata kifo hamkisubiri,
Baba'ko alivua buti, akazipanga vizuri."

Wengine hawakuelewa, wengine walielewa nusu, wote wakanitazama mimi. Nami nikacheka. Nataka niseme ukweli hapa, maana hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Sikucheka kwa kuficha aibu. Nilicheka kwa sababu niliyasikia maneno ya mzee yaliyomfanya mama acheke kaburini, na juu yake zimewekwa buti zangu, na vimeshikana kwa vina, na mtani wangu amesimama mbele yangu ananitazama machoni kama mtani anavyotakiwa. Kilitoka kicheko kirefu, kinaanzia chini kinapanda, kinakatika katikati kama mtu anayekosa pumzi, kisha kinaendelea. Watu wakaripuka. Alishinda, na mimi ndiye niliyemshindisha.

Mtu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Klipu ile ilizunguka Mbeya, ikavuka Makambako, ikafika Dar. Prodyuza mmoja akampigia. Mtani wangu alipanda basi na begi la shule, akaniaga akisema, "Mla mbwa, nikifika nitakutumia nauli uje kunitukana." Miezi mingi ikapita. Mimi nikaanza kusuka, nikapanga chumba. Siku moja redio ikapiga wimbo wa taratibu, besi inatetemesha chupa za mafuta, na kwenye kiitikio nikasikia mistari ile miwili, na baada yake nikasikia kicheko changu. Walikikata kutoka kwenye klipu, wakakisafisha, wakakirudia mara nne.

Wimbo ulikwenda kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwetu. Wakaanzisha na mchezo wake wa kwenye simu: unavua viatu, unavipanga sambamba, unavizunguka ukicheza, halafu unacheka kile kicheko. Watoto wa shule walifanya, askari walifanya, bibi harusi mmoja alifanya na viatu vyeupe mbele ya keki. Hakuna aliyekuwa anajua anacheza nini. Mimi nilijipa moyo kwa hilo. Nilisema moyoni, bora wasijue, buti ni buti tu. Na mama hana simu ya picha, hasikilizi nyimbo za vijana, redio yake ni ya neno la Mungu. Kila siku niliyopata ujumbe wake wa kawaida, kwamba nyanya zimeshuka au mvua imechelewa, nilipumua.

Aliyevunja ukuta ni mtani wangu mwenyewe, kwa nia njema, na hilo ndilo linalonichoma. Kwenye mahojiano ya redio walimuuliza wimbo ulitoka wapi. Akasema ni hadithi ya kweli. Akaeleza Mgololo, akaeleza jirani yao Mhehe na alivyokufa, akaeleza baba yake alivyomzika, akasema anayecheka ni binti wa marehemu, mtani wake, fundi wa mistari kuliko yeye, mama yake anauza nyanya Ilula. Akanitumia salamu. Mtangazaji akasema daah. Nilikuwa na mteja kichwa nusu, nikakaa chini sakafuni kwenye nywele zilizokatwa.

Nilimpigia mara nyingi siku ile. Alipokea siku ya tatu, nyuma yake kuna watu na muziki.

"Mtani wangu! Umesikia nilivyokutaja?"

"Nimesikia. Ufute."

"Nifute nini?"

"Wimbo. Mistari ile. Mama yuko Ilula, mtani. Kule baba alikufa kwa presha."

Nadhani hakuwa anajua. Sikuwahi kumwambia uongo wa mama, nilimwambia ukweli tu. Halafu akaanza kutafuta maneno, nikasikia anavyotafuta, yeye ambaye hakuwahi kukosa.

"Haufutiki sasa, mtani. Si wangu peke yangu, nimesaini na watu. Na mbona … utani haukasirikiwi. Baba alisema maneno hayohayo kaburini, mama yako akacheka. Wewe mwenyewe ulicheka. Kicheko kiko pale, kila mtu anakisikia."

Kwa sheria tuliyokulia alikuwa hajakosea popote. Nikamwambia haya, kazi njema, nikakata.

Nilikwenda Ilula wiki iliyofuata. Nilishuka kwenye basi nikaona meza ya mama imesogezwa, haiko tena ukingoni mwa barabara, iko nyuma ya zile nyingine, karibu na ukuta. Akina mama wenzake walinisalimia kwa sauti ya chini ambayo watu hutumia wodini. Basi jingine likasimama, dirisha likafunguliwa, kijana akauliza bei ya sado, na ndani ya basi, Mungu hana haraka lakini shetani anayo, ulikuwa unapigwa wimbo wenyewe. Vijana wawili wanaobeba matenga walivua kandambili wakaanza kuzipanga. Mmoja alimwona mama, akamgusa mwenzake, wakazivaa haraka wakageuka. Kuona kwao aibu kulikuwa kubaya kuliko kama wangecheza.

Mama alinipeleka ndani. "Kamwene, mwanangu," akanisalimia kwa Kihehe, kama kawaida, akanipa maji, akaniletea ugali na majani ya maboga. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akavuta ndoo akaanza kuchambua nyanya, nzima huku, zilizopasuka huku. Sikuweza kumeza. Nilisubiri anifokee. Ningetoa chochote anifokee.

"Niliujua wimbo kabla ya redio kusema," akasema. "Ulipigwa hapo nje, maneno sikuyashika. Nilishika kicheko. Nikasema, huyu si mwanangu? Nilikisikia una miezi minne, unachekea kuku."

"Mama …"

"Ilichekesha?"

Aliuliza bila hasira. Alikuwa ameshika nyanya, ananitazama, anataka kujua kweli. Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo mama. Siku ile ilichekesha."

Akatikisa kichwa kukubali. "Hata mimi nilicheka, siku yangu. Lakini aliyenichekesha mikono yake ilikuwa na udongo wa mume wangu." Akaitupa nyanya kwenye zilizopasuka. "Hawa wa kwenye basi, siku nikifa, nani atakuja kuchimba?"

Hatukuzungumza tena jambo lile, si siku ile wala baadaye. Kwaya aliacha mwenyewe; hakuna aliyemwambia aache, walimfuata hata nyumbani kumbembeleza, akasema kifua kinamsumbua. Meza ilibaki kule ukutani, na mnunuzi wa basi hana muda wa kutembea hadi ukutani. Nilimwomba aje tukae wote Mbeya. Alinijibu kwamba Mbeya ndiko wimbo ulikozaliwa. Hilo lilikuwa neno lake kali pekee kwangu, na alilisema akinifungia mahindi ya kuchoma ya njiani.

Sitaki kusema wimbo ulimuua. Daktari alisema ni figo, na mimi naamini madaktari. Lakini nilimwona akiishi miaka miwili ya mwisho bila kuuliza kesho kuna nini.

Katika miaka hiyo nilijisahau mara moja tu. Pale saluni mtoto wa mteja alipaka losheni akidhani ni siagi, akailamba, akatoa uso ambao hata sasa siwezi kuueleza, nikacheka. Kilitoka chenyewe, chote, kikakatika katikati kikaendelea. Saluni nzima ikageuka. "Dada umeipatia!" wakasema. "Kama yenyewe kabisa! Rudia, tukurekodi." Nikasema sijui kurudia. Tangu siku ile nikisikia kicheko kinapanda nauma ulimi, na nimezoea, mtu huzoea mengi.

Mama alikufa mwezi wa mvua. Tulimzika Ilula, kwa kengele na mchungaji, kwaya ikiwa kwenye sare, na mahali pake mstari wa mbele wakapaacha wazi. Mtani wangu alikuwa ng'ambo kwenye maonyesho. Alituma gari na shada la maua kubwa kuliko mlango, jina lake la kisanii limeandikwa kwa dhahabu. Vijana walilipiga picha kabla ya kulishusha.

Mzee alikuja na basi la asubuhi kutoka Mbeya. Amezeeka, goti moja halikunji vizuri. Alivaa koti lile lile, au la aina ile ile, na mkononi alikuwa na koleo lake mwenyewe, ameliweka kwenye basi safari yote ile kama mtu anayekwenda kibaruani. Nilipiga goti.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba, mla mbwa." Akanishika kichwa. "Yule hakuja. Nimekuja mimi."

Alichimba. Wachimbaji walimwomba apumzike, akawauliza wao ni watani wa nani. Kaburi lilipokamilika na jeneza likawa tayari pembeni, alifanya wanavyofanya watani: alishuka mwenyewe akajilaza ndani, akagoma kutoka mpaka wafiwa wamlipe. Watu wakasogea. Wengi wa pale Ilula hawakuwa wamewahi kuona, wakainua simu. Mzee akalala mikono kifuani, akalitazama jeneza juu yake, akasema kwa sauti yote aliyobaki nayo:

"Haya! Leo nimemwona Mhehe aliyesubiri. Kasubiri, kasubiri, mpaka kimekuja chenyewe kumchukua kitandani. Wahehe, huyu mlimtoa wapi?"

Makaburi yote yalicheka. Wanakwaya walicheka, baba yangu mdogo wa mwisho aliyebaki alicheka akashika fimbo yake kwa mikono miwili, mchungaji aligeuka pembeni mabega yakitikisika. Na mimi nilikisikia kinakuja. Kilianzia chini kabisa, mahali pale pale. Nilijua kikitoka kitanifungua, nitalia, nitamlilia mama, na baba, na buti, nitamaliza. Mzee alikuwa amenifanyia kazi yake. Nikainua uso, nikaona simu, kumi, ishirini, zimegeuzwa kutoka kaburini kuja kwangu. Wote walikuwa wanajua mimi ni nani. Walikuwa wanangoja kicheko.

Nikaziba mdomo kwa khanga, nikauma.

"Haya, nipeni haki yangu nitoke," mzee akasema kutoka chini. Mtu akamletea kuku. Akamkataa. "Sitaki kuku. Namtaka mwenye msiba acheke. Mtani, sijakusikia."

Simu zikasogea karibu.

"Cheka, mwanangu, nitoke. Humu kuna baridi."

Nilimtazama mle ndani, udongo umemwingia kwenye mvi, anatabasamu, mikono ameifungua. Nikatikisa kichwa. Alikaa akinitazama kwa muda, nikaona tabasamu linaondoka polepole, nikaona ameelewa. Mchungaji akatazama saa. Mzee akajigeuza upande, akashika ukingo, na kwa kuwa goti halikunji walimpa mikono wakamvuta. Alikung'uta koti, akaokota koleo. Akapita mbele yangu, mtani aliyetoka kaburini bila kulipwa, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya shada la mwanawe.